Mwana wa hazani na bei ya taji

Shulchan Aruch ni kitabu cha sheria za Kiyahudi kilichoandikwa na Yosef Karo katika karne ya 16, na ndani yake kuna sehemu nzima inayomhusu hazani. Huyu ndiye anayesimama mbele ya waumini sinagogini na kuibeba sala yao kwa sauti yake. Si imamu hasa, wala si muadhini, ingawa ana kidogo cha kila mmoja. Sheria inamtaka awe mnyenyekevu, asiwe amewahi kutajwa kwa ubaya hata ujanani, akubalike kwa watu, awe na sauti tamu, na awe amezoea kusoma Torati, Manabii na Maandiko. Hadi hapo hakuna la kushangaza. Kisha kinafuata kifungu kimoja kifupi: hazani wa kulipwa ni bora kuliko wa kujitolea.

Mtu angetarajia kinyume chake. Sala na pesa, tulivyozoea kufikiri, havipikwi chungu kimoja. Lakini hoja inayotolewa kukitetea kifungu hicho ni ya watu walioona mengi. Anayelipwa anajua kwamba ana la kujibu, hivyo hujichunga na kujiandaa. Na jamii inayotoa fedha yake haimwachii nafasi kila mwenye kiherehere anayedhani ana koo. Anayejitolea akiharibu utamwambia nini? Umempa nini?

Nimekitaja kifungu hiki kwa ajili ya mtoto wa hazani mmoja.

Emanuel Lasker alizaliwa tarehe 24 Desemba 1868 huko Berlinchen, mji mdogo wa Prussia ambao leo unaitwa Barlinek na uko Poland. Baba yake, Adolf, alikuwa hazani wa sinagogi la hapo, na babu yake alikuwa rabi. Emanuel hakuirithi kazi ya sinagogi. Alikuja kuwa bingwa wa dunia wa sataranji kuanzia 1894 hadi 1921, miaka 27, muda ambao hakuna bingwa mwingine aliyeufikia mpaka leo. Hilo kila mpenzi wa mchezo huo analijua. Linalosemwa kwa sauti ya chini, tena kwa kukunja uso, ni kwamba jamaa alipenda pesa. Alidai ada kubwa kabla ya kukubali kushiriki mashindano. Kati ya 1897 na 1907 hakutetea taji lake hata mara moja. Wapinzani walikuja na kuondoka, na kila mazungumzo yalikwama kwenye masharti.

Mimi naona watu wanamlaumu Lasker kwa jambo aliloliona sawasawa, na wanampita kimya pale alipokosea kweli.

Tuanze na nyumba aliyotoka. Katika miji midogo kama Berlinchen hazani mara nyingi alikuwa pia mwalimu wa watoto na mchinjaji, kwa kuwa waumini wachache hawakuweza kuajiri watu watatu. Ni kazi ya heshima yenye mfuko mwembamba. Jamii inakuajiri, jamii inakusikiliza, na siku sauti yako ikianza kukwaruza, jamii hiyo hiyo inaanza kuulizana. Mtoto anayekulia nyumba ya namna hiyo hujifunza mapema kwamba sauti ni kazi, na kwamba wanaoifurahia ndio wanaonunua mkate wa nyumbani. Hatafuti aibu katika jambo hilo, kama ambavyo mtoto wa fundi cherehani hashangai kuona mteja akilipa.

Akiwa na miaka 11 alipelekwa Berlin kusoma, akakaa na kaka yake Berthold, aliyemzidi miaka minane na aliyekuwa akisomea udaktari. Berthold ndiye aliyemfundisha sataranji. Fedha ilikuwa haba, na Emanuel akawa anaongezea kipato kwa kucheza sataranji na karata kwa dau dogo mikahawani, hasa Café Kaiserhof. Wanaopenda kuwafanya mabingwa malaika huipita sehemu hii mbio. Mimi ningeikawiza. Mkahawani hakuna makofi ya bure: ukishindwa unalipa, ukishinda unakula, na anayekaa mbele yako hataki kujua kama hatua yako ilikuwa ya kifahari. Mcheza bao wa kijiweni angemwelewa Lasker wa umri ule bila mkalimani.

Mwaka 1889 alishinda mashindano ya daraja la pili Breslau na kupata hadhi ya mchezaji mahiri. Mwaka huo huo Amsterdam alicheza na mchezaji aitwaye Bauer mchezo ambao hadi leo unafundishwa, ule wa kuvitoa sadaka vitunda viwili viitwavyo maaskofu, kimoja baada ya kingine, ili kuiacha ngome ya mfalme wazi. Miaka minne baadaye, New York, alishinda michezo 13 kati ya 13. Sasa alimtaka bingwa.

Bingwa alikuwa Wilhelm Steinitz, Myahudi wa Praha aliyesoma utotoni Talmudi, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, mtu aliyeifanya sataranji kuwa elimu yenye kanuni badala ya mbio za kuwinda mfalme. Hapa kuna kisa ambacho kingepaswa kutajwa kila mara Lasker anapoitwa mroho. Kijana alitaka kila upande uweke dola 5,000. Wakakubaliana dola 3,000. Halafu Lasker akashindwa kupata wafadhili, na Steinitz akakubali kushusha, akashusha tena, mpaka wakafika dola 2,000, chini ya dau la baadhi ya mapambano ya Steinitz ya nyuma. Mzee aliyekuwa akielekea miaka 58 aliipunguza bei ya taji lake ili kijana wa miaka 25 asiye na kitu apate kuingia. Wakacheza New York, Philadelphia na Montreal. Hadi mchezo wa sita walikuwa sawa. Kisha Lasker akashinda mitano mfululizo, Steinitz akaomba mapumziko ya wiki nzima. Mwisho: ushindi 10 kwa 5, sare 4.

Miaka sita baadaye, Agosti 1900, Steinitz alifariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili New York, akiwa fukara. Mjane wake aliishi kwa kuendesha kiduka.

Sidai kuujua moyo wa mtu aliyekufa zamani. Lakini weka mambo haya mawili pamoja, bei iliyoshushwa na kifo kile, kisha niambie kwa nini aliyeona yote mawili kwa karibu angeshusha bei yake. Lasker hakuhitaji kuambiwa na mtu jinsi ulimwengu wa sataranji unavyowatunza wakongwe wake. Carl Schlechter wa Vienna, mpole aliyekaribia kabisa kumvua taji mwaka 1910, alicheza naye michezo 10 tu kwa sababu fedha za kuandaa mingi zaidi hazikupatikana. Wakatoka 5 kwa 5. Desemba 1918 Schlechter alifariki Budapest kwa nimonia na njaa. Njaa, mtu aliyekuwa mchezo mmoja kutoka ubingwa wa dunia.

Na nani hasa walikuwa wakimsema Lasker? Angalia kazi zao. Mpinzani wake mkubwa katika maneno alikuwa Siegbert Tarrasch wa Nuremberg, aliyekuwa daktari wa tiba. Mwaka 1892 Lasker alipomwomba pambano, Tarrasch alimjibu aende kwanza akashinde mashindano makubwa. Daktari ana wagonjwa asubuhi, na jioni anaweza kucheza kwa heshima ya sanaa. Wengine waliokuwa wakizungumzia usafi wa mchezo walikuwa wafanyabiashara, watu wenye mashamba na wanachama wa klabu zenye viti vya ngozi. Ni rahisi kusema fedha inachafua sanaa ikiwa fedha yako inatoka kwingine. Hata huku kwetu msoma kaswida na mpiga ngoma wa harusi wanayajua maneno hayo: si kipaji chako tu, ndugu yangu, Mungu kakupa bure. (Tarrasch alipata pambano lake hatimaye, mwaka 1908. Alipigwa 8 kwa 3.)

Kuna watakaosema Lasker naye alikuwa na elimu nyingine, angeweza kuishi kwayo. Alijaribu. Mwaka 1893 alifundisha hisabati Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, na 1901 Manchester, nafasi za muda mfupi zote mbili. Alipata udaktari wa falsafa katika hisabati Chuo Kikuu cha Erlangen. Mwaka 1905 alichapisha katika jarida la Mathematische Annalen kazi ambayo wanahisabati wanaitumia hadi leo. Kwa lugha ya kawaida: kama vile namba 12 inavyovunjika kuwa 2 mara 2 mara 3 na haivunjiki zaidi, Lasker alionyesha kwamba mikusanyo fulani ya milinganyo ya aljebra nayo inaweza kuvunjwa hadi kwenye vipande vyake vya msingi. Mwaka 1921 Emmy Noether, naye Myahudi wa Erlangen, aliipanua hoja hiyo kwa upana mkubwa, na nadharia inabeba majina yao wawili. Pamoja na hayo yote, hakuna chuo kilichompa Lasker kiti cha kudumu. Kwa hiyo hoja ya kwamba angeweza kuishi kwa kitu kingine imeanguka hapo. Akili ile ile ilikuwa ikilipwa ikisogeza vitunda ubaoni, na ikigeukia aljebra haikulipwa.

Nataja pia uvumi mwingine, kwa sababu naona unatoka chungu kimoja na ule wa uroho. Ilisemwa kwa miaka mingi kwamba Lasker alikuwa akichagua kwa makusudi hatua mbovu ili kumvuruga mpinzani, kwamba alishinda kwa uganga wa saikolojia. Wachambuzi wa siku hizi wakiirudia michezo yake wanakuta mara nyingi hatua zilizoitwa mbovu zilikuwa nzuri tu, ila hazikufuata mafundisho ya akina Tarrasch. Ni kama vile watu hawakutaka kukiri jambo la wazi, kwamba aliketi, akafikiri kwa saa nyingi kuliko wengine, akaona mbali zaidi. Ukikiri hivyo, swali la malipo linafuata lenyewe, na hawakulitaka.

Basi, kosa lake liko wapi?

Liko kwa Akiba Rubinstein. Huyu alizaliwa Stawiski, Poland, akalelewa na babu na bibi, na ndugu walitaka awe rabi. Sataranji aliijua akiwa mkubwa kiasi, akaacha masomo ya dini, akahamia Łódź kucheza. Mwaka 1909 St. Petersburg alimshinda Lasker mchezo wao, na wakamaliza sawa nafasi ya kwanza, pointi 14 na nusu kila mmoja kati ya 18. Mwaka 1912 alishinda mashindano makubwa matano katika mwaka mmoja. Hakuna mtu duniani aliyestahili pambano la ubingwa kuliko yeye. Lakini wakati huo bingwa ndiye aliyemchagua mpinzani na kutaja kiasi, na kiasi alichotaja Lasker Rubinstein hakuweza kukikusanya. Pambano lilipopangwa hatimaye kwa ajili ya vuli ya 1914, vita ikaanza. Rubinstein aliyetoka upande wa pili wa vita ile hakuwa tena yule wa 1912, na miaka yake ya mwisho aliimaliza akiwa amejitenga na watu kwa maradhi ya akili.

Hapo ndipo ninapomlaumu Lasker, na ningependa lawama ielekezwe mahali pake. Ujira wa mchezaji ni kitu kimoja: umati umekuja, magazeti yameuza, wafadhili wamepata jina, basi anayefanya kazi alipwe. Bei ya mlango ni kitu kingine kabisa. Anayewania taji hajanunua burudani yoyote. Anaomba kupimwa. Lasker alivichanganya hivi viwili. Ada aliyostahili kudai kwa umma aliidai kwa mshindani maskini, kana kwamba hazani mpya angeambiwa ailipe jamii kwanza ili asikilizwe sauti. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameingia kwa mlango ulioshushwa. Mkono wa Steinitz ulimpitisha, yeye akaufunga mlango nyuma yake.

Kwa José Raúl Capablanca, kijana wa Cuba, masharti ya 1911 yalikuwa hata si ya fedha tu: mpinzani akimaliza akiwa mbele kwa mchezo mmoja, pambano lihesabiwe sare. Capablanca alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Sijaona utetezi wa sharti lile unaosimama.

Ajabu ni kilichotokea baadaye. Mwaka 1921 wapenzi wa sataranji wa Havana walikusanya dola 20,000 ili pambano lichezwe kwao. Lasker, akiwa na miaka 52, akaenda, hakushinda hata mchezo mmoja, akapoteza minne, sare 10. Capablanca aliyelalamikia masharti ya mzee akakaa kwenye kiti, na mwaka 1922 yakaandikwa London masharti mapya chini ya jina lake: bingwa halazimiki kucheza kwa chini ya dola 10,000, achukue kwanza asilimia 20 ya fedha hiyo kwa kuwa bingwa tu, iliyobaki ndiyo igawanywe kati ya mshindi na mshindwa. Mchezaji Nimzowitsch alitaka kumpa changamoto, akakosa fedha. Mrusi Alekhine aliipata kwa msaada wa Waargentina, na mwaka 1927 huko Buenos Aires akamvua taji. Naye alipolivaa hakuwahi kumrudishia Capablanca pambano. Kwa hiyo ule mlango haukuwa tabia ya Myahudi mmoja mroho, kama magazeti fulani ya Ujerumani yalivyokuja kupenda kusema. Kila aliyepewa ufunguo aliufunga mlango. Ilibidi Alekhine afe mwaka 1946 akiwa bado bingwa, ndipo shirikisho la dunia, FIDE, likachukua taji mikononi mwake, na kuanzia 1948 likawa ndilo linaloamua nani acheze na nani. Mlango ukawa wa shirikisho, ujira ukabaki kuwa wa wachezaji. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu 1894.

Turudi kwa mwana wa hazani, kwa maana hesabu yake ya fedha ina kichekesho chenye uchungu. Mtu huyu aliyepanga bei ya sataranji vizuri kuliko mwenzake yeyote hakuwa na akili ya biashara hata kidogo. Alianzisha jarida lake la sataranji Marekani mwaka 1904, likadumu hadi 1909. Inasimuliwa kwamba alijaribu kufuga njiwa wa kuzaliana, akangoja mayai kwa muda mrefu, mpaka mtu alipomwonyesha kwamba njiwa wote walikuwa madume. Sijui kama kisa hicho ni kweli neno kwa neno, ila waliomjua walikisimulia bila kushangaa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia aliamini Ujerumani itashinda, akaweka akiba yake kwenye hati za dhamana za vita. Zikageuka karatasi. Ujira alioupigania miaka 20 aliukabidhi kwa dola ya Kaiser.

Ndiyo maana New York 1924 inanigusa kuliko taji lolote alilotwaa. Ana miaka 55, si bingwa tena, na mfuko umetoboka. Capablanca yupo, Alekhine yupo. Anapata pointi 16 kati ya 20 na kushika nafasi ya kwanza.

Mwaka 1933 Wanazi waliingia madarakani. Lasker na mkewe Martha wakaondoka Ujerumani, na mali yao ikanyang'anywa. Mwaka 1935, akiwa na miaka 66, alicheza Moscow kwa sababu alihitaji fedha. Hakushindwa mchezo hata mmoja, akamfunga Capablanca, akamaliza wa tatu, nusu pointi nyuma ya vijana wawili, Botvinnik na Flohr. Warusi wakampa makazi na nafasi kwenye taasisi ya hisabati. Mwenyeji wake alikuwa Nikolai Krylenko, kamishna wa sheria na mlezi wa sataranji ya Kisovieti. Mwaka 1937 Lasker na Martha walikwenda Marekani na hawakurudi. Mwaka uliofuata Krylenko alipigwa risasi na serikali yake mwenyewe.

New York, akikaribia miaka 70, alirudia kazi ile ile ya Kaiserhof: mihadhara, kucheza na watu wengi kwa wakati mmoja, kufundisha sataranji na mchezo wa karata wa bridge, na ada yake mkononi. Mwaka 1940 alichapisha kitabu kuhusu jamii ijayo, chenye mapendekezo juu ya wakimbizi wa Kiyahudi na watu wasio na kazi. Tarehe 11 Januari 1941 alifariki kwa maradhi ya figo katika hospitali ya Mount Sinai, akiwa mgonjwa wa kutibiwa kwa hisani. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1852 na Wayahudi wa New York kwa ajili ya maskini wao, kutoka mfuko wa jamii, mfuko wa aina ile ile unaomlipa hazani.